Mufilisi Ana Kochi, Mama Mkwe Hana Pa Kukaa

Wale mliopiga simu gazetini wiki nzima kuuliza kama nimebakiwa na suruali, jibu ni ndiyo. Sheria humwachia mufilisi nguo zake. Pia humwachia vifaa vya kazi, na hapo ndipo balaa la leo lilipoanzia.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: naitwa Absalom, fundi wa makochi, mzaliwa wa Kakamega, mkazi wa Mtongwe. Nilikuwa na duka kubwa Likoni, Starehe Makochi, hadi hoteli moja kule Bamburi iliponiagiza viti vya ukumbi mzima kisha ikafunga milango kabla ya kunilipa. Waliokuwa wakiniuzia mbao na sponji wakanipeleka kortini, korti ikanitangaza mufilisi. Kisha afisa mmoja, Bwana Garama, akaja na pikapu akabeba duka, friji, runinga na kitanda chetu cha mvule.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba mufilisi haruhusiwi kukaa bure.

"Endelea na ufundi wako," Garama aliniambia, kwa upole wake wa mtu wa Kilifi ambaye hajawahi kuharakishwa na mtu. "Cherehani, nyundo, mkasi, hivyo ni vyako. Ila ukifanya kazi kwa jina jipya, wateja waambiwe ulifilisika kwa jina gani."

Ndiyo maana niliangika kibao kibarazani: ABSALOM MAKOCHI, ZAMANI STAREHE, MUFILISI. Nilidhani wateja watakimbia. Wengi wao walipiga picha nacho, wachache wakaniletea kazi.

Alipokuwa akitoka siku ile, Garama aliligusa kochi moja lililokuwa limebaki sebuleni, lile la kukunjuliwa likawa kitanda. "Na hili?"

Mdomo wangu ulijibu kabla sijaushauri. "Hilo ni sampuli, bwana. Kifaa cha kazi. Wateja hulikalia kwanza, ndipo waagize."

Akaliacha. Tangu hapo, mchana kochi lile ni sampuli, na jua likizama mimi na mke wangu Pascalia tunalikunjua na kulala.

Wiki jana niliwaacha pale simu mbili zilipoingia asubuhi moja. Ya kwanza ilitoka kwa Garama: Jumamosi anakuja. Ya pili ilitoka kwa Mama Selpher, mama mkwe wangu: Jumamosi anakuja.

"Garama anakuja kufanya nini?" Pascalia aliniuliza.

"Kuna mtu amemwambia kochi si la kazi. Anataka kuliona likiwa na mteja."

"Mtu gani huyo?"

Tuligeuka kwa pamoja tukaangalia ng'ambo ya barabara. Fundi Kalama, jirani yetu, alikuwa mlangoni pake akipigilia misumari kwenye ubao usiohitaji misumari. Tangu tuuze mapazia, Kalama anajua mpaka upande ninaolalia.

"Na mamako je? Anakuja kutusalimia?"

Pascalia alishika kiuno. "Mume wangu, anakuja kunichukua."

"Kukupeleka wapi?"

"Nyumbani. Amesikia umefilisika."

"Nani kamwambia?"

"Hata ng'ombe wa kwetu wanajua." Aliketi kwenye ndoo, maana hatukuwa na kiti. "Amesema atakaa humu ndani asikilize. Akisikia cherehani inanguruma, atajua ana mkwe mwenye kazi, atarudi peke yake. Ikinyamaza, nafunga virago."

Hakuwa akitania. Pascalia ni mwanamke aliyesimama mlangoni bila kulia friji yetu ilipobebwa na samaki wake ndani. Lakini siku hiyo alikuwa akiuma ncha ya leso.

Niliogopa, sitaficha. Garama akikuta nilimdanganya kuhusu kochi, atachukua na cherehani. Cherehani ikiondoka, Pascalia anaondoka nayo.

"Basi hakuna shida," nikasema, nikijikaza. "Cherehani ipo. Kochi lipo. Mteja nitamtafuta."

"Na Mama atakaa wapi?"

Nikaligeukia kochi.

Wasomaji wa pwani mnisikilize. Kwetu, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa umbali. Simpi mkono. Simwangalii usoni. Tangu nimwoe bintiye, maneno yetu hupitia kwa watu wengine, hata tukiwa chumba kimoja. Lakini mwiko mkubwa kushinda yote ni kitanda. Mama mkwe hakikalii kitanda cha mkwe wake, hata kwa bahati mbaya. Akikikalia, wazee wataitwa, kondoo atachinjwa, na jina langu litatajwa matangani mpaka wajukuu wangu wahame kijiji.

Kwa hivyo Garama akiingia, lile liwe kochi. Mama Selpher akiingia, liwe kitanda. Na wote wawili wanaingia Jumamosi.

Nikaenda kubisha kwa Bi Mwidani, jirani yetu wa nyumba ya pili, mama wa watu mwenye nyumba yake na ulimi wake.

"Shikamoo, Bi Mwidani."

"Marahaba. Waja na heri au waja na kile kibao chako?"

"Nimekuja kuazima kiti."

Alicheka mpaka akashika kizingiti. "Fundi wa makochi waazima kiti! Ya Rabi, dunia hini ina mambo!"

"Ni cha mama mkwe wangu."

Kicheko kikakatika papo hapo. "Ah, mkwe ni mtu mzito. Tukua hicho cha mti. Lakini Jumamosi adhuhuri nna wageni, waja kuposa. Nakitaka changu mapema."

"Na ile mito yako uliyosema nikushonee foronya, niletee Jumamosi asubuhi. Kuna afisa anataka kuniona na mteja."

"Ntakuja, inshallah."

Nilirudi na kiti kichwani nikiimba. Sikujua kwamba inshallah ya Bi Mwidani haina saa.

*

Jumamosi Mama Selpher alitangulia kufika.

Alishuka basi Changamwe, akaambiwa Mtongwe ni ng'ambo ya maji, kwa feri, akasema yeye hapandi nyumba inayoelea. Ikabidi tuktuk imzungushe kwa barabara ya Dongo Kundu. Alitokea mwisho wa kichochoro akiwa na begi mkono mmoja na jogoo mkono wa pili, na jasho likimtiririka kwa joto letu.

Kibao changu nilikuwa nimekifunika kwa leso ya Pascalia. Mama Selpher alifika kibarazani, akaivuta leso, akajifuta uso, akasoma kibao chote kuanzia ABSALOM hadi MUFILISI. Kisha akaiangika leso mahali pake kwa adabu, kama mtu aliyefunika maiti.

Mimi nilikuwa hapo hapo kibarazani, nimeketi juu ya debe nyuma ya cherehani, uso umeelekea ukutani kwa heshima.

"Pascalia," nikasema, "mwambie Mama karibu."

"Mama, anasema karibu."

"Mwambie nimekaribia," akasema Mama Selpher, akiwa karibu kiasi kwamba jogoo wake alinidonoa kiwiko.

Akaingia. Nikasikia kiti cha Bi Mwidani kikilia chini yake. Nikapumua, nikaweka mguu kwenye kikanyagio, nikaanza.

Cherehani yangu ni ile ya zamani ya kukanyaga, miguu yake ya chuma, ya kushonea ngozi na turubai. Ikizunguka, mtaa mzima unajua. Shida ilikuwa moja tu: sikuwa na cha kushona. Wateja wachache niliokuwa nao niliwamalizia kazi mapema ili Jumamosi niwe huru.

Nikachukua mto mmoja mkuukuu nikaushona upande mmoja. Nikashona upande wa pili, wa tatu, wa nne. Nikausimamisha mguu nifikirie.

"Pascalia," sauti ikatoka ndani, "mbona kimya? Begi lako liko wapi?"

Nikakanyaga. Nikaushona mto ule kuzunguka tena. Nikasimama nijipanguse jasho.

"Pascalia, zile nguo nzito uziweke chini."

Nikakanyaga. Mguu ulianza kufa ganzi. Macho yangu yalikuwa njiani yakimtafuta Bi Mwidani na mito yake, na mikono ilikuwa ikisukuma kitambaa bila kukitazama. Jogoo alipanda juu ya kochi sebuleni akajikalia kwa raha zake. Yeye peke yake hakuwa na mwiko.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa Garama, na mwavuli wake na mkoba wake. Niliruka kumpokea, nikarudishwa chini kitako. Nikajaribu tena, nikarudi tena. Ndipo nilipotazama. Nilikuwa nimeushona mkia wa shati langu pamoja na mto.

"Karibu, bwana," nikasema nikiwa nimeinama. Niliinua sindano, nikakata uzi kwa meno, nikasimama. Mto ukasimama nami, ukaning'inia nyuma.

Garama aliuangalia kwa muda. "Ni mtindo mpya?"

"Ni kupima, bwana. Tunapima uzito."

Wakati huo huo kimya kilikuwa kimeingia nyumbani. "Basi!" Mama Selpher alisema ndani. "Nimesikia vya kutosha. Pascalia, shika begi twende."

Garama akachungulia mlangoni, akamwona mama mtu mzima amesimama katikati ya sebule, amekunja uso. "Huyu ndiye mteja?"

Pascalia aliniwahi. "Ndiye huyo," akasema haraka haraka.

Mama Selpher alimtazama bintiye, akaangalia mkoba wa Garama, akautazama na mto ulioning'inia kwenye shati langu. Mama huyu ameuza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Kakamega maisha yake yote. Hahitaji kuelezwa jambo mara mbili.

Akaketi tena polepole kwenye kiti cha Bi Mwidani.

"Mimi ndio mteja," akasema. "Na hii fundi imenichelewesha sana."

Garama aliingia, nami nyuma yake, akavua kofia. "Bwana Absalom, nitasema waziwazi. Nimeambiwa kochi hili unalilalia. Ikiwa ni kweli, basi ulinidanganya, na mtu akinidanganya kwa kimoja siwezi kumwamini kwa kingine. Itabidi nichukue kochi na cherehani pia, mpaka nijue ukweli ni upi. Lakini mteja ninayemwona ni mteja. Endeleeni na shughuli zenu, mimi nisikilize."

Wote walikuwa wamekuja kusikiliza siku hiyo.

"Fundi!" akaita Mama Selpher.

Nikatazama nyuma yangu.

"Nakuita wewe."

Miaka yote ya ndoa yangu mama yule hakuwahi kuniita. "Pascalia," nikasema, "mwambie Mama naam."

Garama akakunja uso. "Mbona mteja unamjibu kupitia kwa mkeo?"

"Ni heshima ya kazi, bwana."

"Mjibu mwenyewe."

Nikageukia dirisha, nikasema, "Naam, Mama."

"Hii kitambaa ya kochi ni rangi gani? Maharagwe imeungua?"

"Ni kahawia, Mama."

"Na huu mshono umepinda hivi, ulishona ukikimbizwa?"

"Nitaurekebisha, Mama."

"Niliambiwa ulikuwa na duka kubwa." Sauti yake ilishuka. Sikujua tena kama ni mteja anayeongea. "Mtu anakuja anakuambia umshonee viti ya hoteli mzima, na hajakupa hata ya kununua uzi, na wewe unashona tu? Hukuwa na mtu wa kuuliza? Mimi hata omena ya kisahani simpi mtu nisiyejua kwao. Hukuwa na mama mkwe?"

"Ninaye, Mama."

"Ulimuuliza?"

"Hatuongei, Mama."

"Hiyo ni kweli," akasema. "Hatuongei."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Na papo hapo, msomaji, nilifurahi. Mama mkwe wangu alikuwa akinigombeza kwa kinywa chake mwenyewe, bila mjumbe, kama mtoto wake. Pascalia aligeuka upande akajifuta macho kwa ncha ya leso.

Garama alikuwa akitabasamu. Akaufunga mkoba wake. "Nimeridhika," akasema. "Mteja wa kuigiza hawezi kulalamika namna hii. Huyu ni wa kweli."

Nilitaka kumbusu. Nilikuwa hata nimemnyoshea mkono wa kwaheri, na mto wangu nyuma ukipepea, hodi nyingine ilipopigwa.

"Nataka kiti changu!"

Bi Mwidani aliingia amejifunga buibui, udi ukimnukia, bila mto hata mmoja. "Wageni washafika, wallahi, na mshenga asimama kama nguzo. Mama, niwie radhi mno, hebu inuka kidogo."

"Bi Mwidani," nikamnong'oneza, "ngoja kidogo tu..."

"Mshenga hakai hewani, fundi!"

Mama Selpher akainuka. Kiti kikatoka. "Na ile mito ntaileta kesho, inshallah," Bi Mwidani akasema akiwa tayari nje.

Sebule ilibaki na watu wanne waliosimama, jogoo mmoja, na kochi.

Garama alikuwa mtu wa adabu, na adabu ndiyo iliyoniua. "Ah, mteja asimame na kochi la wateja lipo?" Akamfukuza jogoo, akaketi pembeni, akapigapiga nafasi ya katikati kwa kiganja. "Mama, keti hapa, upumzike. Ndiyo kazi yake."

Mama Selpher hakujua. Alidhani yale ya kulilalia kochi ni uzushi wa wambea tu. Akaligeuzia kochi mgongo, akakusanya gauni lake, akaanza kushuka.

Hushuka polepole kwa sababu ya magoti. Hayo ndiyo yaliyonipa nafasi ya kuteseka.

Nikinyamaza, nimepona. Garama ameridhika. Cherehani inabaki, Pascalia anabaki. Nani atajua? Mimi, Pascalia, Mungu na Kalama. Na Kalama, nilipochungulia, alikuwa amesimama barabarani nyundo mkononi, akiangalia kama mtu aliyelipa kiingilio.

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Hakunipa ishara yoyote. Aliniachia mwenyewe.

Mama Selpher alikuwa amefika nusu ya safari.

"Mama, usikae!" nikapiga kelele. "Hapo ndipo ninapolala!"

Alikwama pale pale, hayuko juu wala chini. Pascalia akamrukia akamshika kwapani, akamnyanyua. Garama naye aliruka kutoka kwenye kochi kama aliyekalia siafu.

"Unalala hapa?"

"Kila siku, bwana."

"Na huyu mama...?"

"Ni mama mkwe wangu."

Garama alijifunika uso kwa kofia. "Mkwe!" akasema humo ndani ya kofia. "Nimemkaribisha mkwe wa mtu kitandani! Mama, nisamehe. Hata kwetu mkwe ni mkwe. Mamangu akisikia nimefanya hivi, sili kwake mwaka huu."

Kisha kofia ikashuka, na aliyetokea alikuwa afisa.

"Lakini bwana Absalom, umenidanganya mara mbili. Kochi si sampuli, na mteja si mteja. Hata hiyo cherehani sasa sijui ni ya kazi au ni ya kelele."

"Ni ya kazi, bwana. Naapa."

"Hata kochi ulisema ni la kazi." Akatoa simu. "Leteni pikapu mpaka Mtongwe, kwa fundi. Ndiyo, yule mwenye kibao."

Pascalia alivuta begi lake, akaanza kukunja nguo, moja moja, akizipanga zile nzito chini kama alivyoambiwa. Nilimwona akikunja lile rinda la manjano alilovaa siku ya duka kufunguliwa. Nililia, na sijui kulia kimya.

Mama Selpher akatoka nje bila kuniangalia. Nilijua anaenda kuita tuktuk.

Hakuita tuktuk. Aliizunguka cherehani yangu, akaigusa meza yake, akaitikisa kuona kama inayumba.

"Fundi," akaita kupitia dirishani. "Hapa hulali?"

"Silali hapo, Mama."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, Mama."

Akaigeuzia mgongo, akakusanya gauni, akaketi juu ya meza ya cherehani. Chuma kikaguna, kikakubali.

Garama alimfuata mbio, nami nyuma yake. "Mama, tafadhali, shuka. Hicho ni kitu cha kuchukuliwa."

"Mimi nimeketi," akasema Mama Selpher. "Kiti nimenyang'anywa. Kochi mkwe wangu mwenyewe amenikataza, na angeweza kunyamaza. Angenyamaza, wewe ungeenda zako na mimi ningeaibika. Mtu kama huyo mimi siachi ibebewe mashine."

"Mama, gari linakuja."

"Likuje. Libebe mashine na mimi juu yake."

Garama alinyosha mkono, akauangalia, akaurudisha mfukoni. Nani atamshika mama mkwe wa mtu mbele ya mtaa mzima? Maana mtaa ulikuwa umeshakusanyika, hata wageni wa Bi Mwidani walitoka, mshenga akiwa amebeba kile kiti ili asinyang'anywe.

Kalama alivuka barabara na kiti kizuri cha mkono, amevaa uso wa huruma. "Mama, karibu kiti."

Mama Selpher alimtazama. "Pascalia! Nani alisema mnalala kwa kochi?"

Pascalia, ndani, alinyosha kidole bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye begi.

Kalama akarudi kwake na kiti chake.

Pikapu ikaanza kuingia kichochoroni kinyumenyume, ikilia pii, pii, pii. Wapagazi wawili walikuwa wamesimama nyuma, kamba mikononi.

"Fundi," akasema Mama Selpher, macho kwenye pikapu. "Mtoto yangu bado anafunga begi. Mbona kimya?"

Nilidhani sijasikia vizuri. "Mama, umekalia..."

"Nilisema mashine ikilia, yeye habebwi. Geuza uso ukutani, ukanyage."

Nikapiga magoti ya haraka ya shukrani, nikaketi. Mto bado uliniganda shatini, kwa hivyo niliuvuta mbele nikausukuma chini ya sindano, kazi ionekane kazi. Nikageuza uso ukutani, kama mkwe mwenye adabu anavyopaswa. Nikakanyaga.

Kwanza gurudumu liligoma, kwa uzito wa mama. Kisha likasogea, likazunguka, na cherehani ikanguruma kama siku zake za Starehe. Mtaa ukapiga makofi. Ndani, nikamsikia Pascalia ameacha kukunja nguo.

"Tunabeba nini, bwana?" mpagazi mmoja aliuliza.

Garama alikuwa akitazama cherehani inavyozunguka, na nadhani, naapa safari hii kwa kweli, alikuwa karibu kucheka. "Subirini kidogo," akasema. "Hebu kwanza nione anashona nini."

Akainama kuangalia. Tabasamu likamfutika usoni.

Nami nilikuwa nimeshahisi uzi ukishika kitu kizito. Nikageuza jicho moja, kidogo tu, nikaangalia chini ya sindano. Pindo la gauni la Mama Selpher lilikuwa limeteleza mezani. Nilikuwa nimelishona kwenye mto kwa mshono mzuri, ulionyooka, wa kazi safi kuliko zote nilizofanya tangu nifilisike. Na mto ulikuwa umeshonwa kwenye shati langu.

Mkwe na mama mkwe, uzi mmoja. Kwetu hata kondoo wa mwiko huo sijui ni wa rangi gani.

Nikisimama, Pascalia anafunga begi. Nikiendelea, nazidi kumshona mamake.

"Mbona unapunguza, fundi?" Mama Selpher akauliza, akijiweka sawa juu ya meza. "Ongeza, nimeanza kuizoea."